Kalipa ya mshale ao ya dijitali? Somo juu ya kupima vipuri vya mashini ya kusaga



Kamituga ni mji wa dhahabu. Hapa hata mtoto anajua kama dhahabu haipimwi kwa macho: inawekwa kwenye mzani, na kipande kidogo sana kinabadilisha bei. Lakini kwenye mashini zetu za kusaga muhogo na mahindi, wengi wetu tunapima bado kwa jicho, kwa kidole, ao kwa rula ya mwanafunzi. Kisha tunatuma pesa Bukavu, kipuri kinapanda gari, na siku kinapofika hakiingii.

Kutoka Bukavu mpaka Kamituga ni kilomita karibu 180, na wakati wa mvua kila mtu anajua ile barabara iko namna gani. Kipuri kisichofaa kinarudi kwa njia ileile. Siku zote hizo mashini imelala, wamama wanabeba muhogo wao kwa mwenye mashini mwingine, na sanduku la koperative halipati kitu. Ndiyo sababu tumechagua somo hili: kalipa, chombo ambacho mafundi wetu wanakiita kwa Kifaransa pied à coulisse. Tutaona ni ya namna gani inafaa koperative: ile ya mshale ao ile ya dijitali.

Rula inakosea wapi?

Tuchukue beringi, ile ambayo wengi wanaiita roulement. Beringi nyingi za mashini ndogo zina namba juu yake. Namba ikifutika kwa kutu ao kwa kuzunguka, ni lazima kupima mambo matatu: upana wa tundu la ndani, upana wa duara la inje, na unene. Hizi ndizo tunazokuta mara nyingi (ndani, inje, unene, kwa milimita):

- 6204: 20, 47, 14
- 6205: 25, 52, 15
- 6206: 30, 62, 16
- 6305: 25, 62, 17

Mnaona kama 6205 na 6305 zina tundu moja, lakini inje ni tofauti. Mtu anayempigia muuzaji simu na kusema tu «Nitumie ya 25» anaweza kupata yoyote kati ya hizo. Kwa beringi za namna hii kuna pia siri ndogo: kuanzia 04, chukua tarakimu mbili za mwisho, uzidishe kwa 5, utapata upana wa tundu. 05 mara 5 ni 25. 06 mara 5 ni 30.

Sasa mtego mkubwa. Shafti za mashini zingine zimepimwa kwa milimita, zingine kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25,4. Beringi ya kusimamia shafti inayoitwa UC205 ina tundu la milimita 25. Ndugu yake UC205-16 ina tundu la inchi moja, ni kusema 25,4. Inje zote mbili ni 52! Kwa macho ni mapacha, na rula itasema «25» kwa zote mbili. Ukileta UC205 kwa shafti ya inchi moja, haiingii. Ukileta UC205-16 kwa shafti ya milimita 25, inaingia vizuri sana, fundi anafurahi, anakaza visi, na kisha ya siku chache shafti inaanza kutetemeka na kulika. Hapo si beringi tu imepotea: ni shafti pia.

Ile tofauti ya nusu milimita kasoro kidogo, rula haiioni. Kalipa inaiona bila shida.

Kalipa ya mshale

Hii ina uso wa duara kama saa, na mshale unaozunguka. Ndani yake kuna gurudumu dogo lenye meno, linalotembea juu ya meno mengine madogo sana yaliyo kwenye mwili wa kalipa. Ukivuta mdomo wa kalipa, gurudumu linazunguka na mshale unatembea.

Kusoma kwake kunataka hesabu kidogo. Tuseme mshale unazunguka mara moja kwa kila milimita 2, na uso una mistari 100. Kila mstari basi ni 0,02. Kwenye mwili unasoma 24, na mshale umepita mistari 70. Unafanya: 70 mara 0,02 ni 1,40. Jumla ni 25,40. Hiyo ni shafti ya inchi moja. Kama mshale ungesimama kwenye mstari wa 50, jumla ingekuwa 25,00. Mbele ya kununua, angalieni uso wa saa: si kalipa zote zimegawanyika sawasawa.

Uzuri wake: haina betri. Unaweza kuiacha kwenye sanduku miezi sita, ukaichukua, ikafanya kazi. Na mshale unaonyesha vizuri mahali ambapo shafti imelika, kwa sababu unauona unarudi nyuma.

Ubaya wake: yale meno madogo yako wazi. Unga wa muhogo, mchanga, vumbi la chuma, vyote vinaingia. Kipande kimoja kikikwama, ao kalipa ikianguka chini, gurudumu linaweza kuruka jino. Hapo mdomo ukifungwa, mshale haurudi kwenye sifuri, na kila kipimo kinakuwa cha uongo.

Kalipa ya dijitali

Hii inaonyesha namba kwenye kioo. Hakuna hesabu: unafunga mdomo, unabonyeza sifuri, unapima, unasoma. Mtu yeyote anayejua namba anaweza kuitumia. Tena ina kitufe cha kubadilisha milimita na inchi, jambo linalosaidia sana kwa zile shafti tulizosema. Ukipima 25,40 na kubonyeza inchi, ikionyesha 1,000 kamili, unajua hapo hapo ile mashini ni ya inchi. (Kwenye kioo mtaona nukta, 25.40, ni kitu kimoja na mkato wetu.)

Lakini kitufe hicho hicho kinaweza kudanganya. Mtu akikibonyeza bila kujua, shafti ya milimita 25 itaonyesha 0,984. Ndiyo sababu kila kipimo kinachotumwa kwa simu kiandikwe na neno lake: «25,00 milimita», si «25» tu.

Shida ya pili ni betri. Nyingi zinatumia betri ndogo ya duara, LR44 ao SR44. Zote zina ukubwa mmoja, lakini SR44 inashika nguvu yake kwa muda mrefu zaidi. Kalipa nyingi za bei ya chini zinakula betri hata kama zimezimwa. Namba zikianza kuwaka na kuzima, betri imeisha: musiamini tena kile kipimo. Shida ya tatu ni maji na mafuta. Mawese yakienea juu ya mwili wa kalipa, namba zinaweza kuruka ovyo.

Tena musidanganywe na namba nyingi. Kioo kinaonyesha 0,01, lakini kalipa ya kawaida inaweza kukosea 0,02 ao 0,03. Kwa kuchagua beringi, puli ao mkanda, inatosha kabisa. Kwa kuchonga shafti mpya, fundi wa tour atatumia chombo kingine chenye kupima kwa uhakika zaidi.

Basi tuchague ipi?

Hatusemi moja ni nzuri na nyingine ni mbaya. Jiulizeni maswali haya matatu:

1. Nani atasoma? Kama ni watu wengi wanaopokezana kwenye mashini, dijitali inapunguza makosa. Kama ni fundi mmoja aliyezoea kusoma mistari, ya mshale inamfaa.
2. Itakaa wapi? Ikikaa karibu na unga na mchanga, ya mshale itakufa haraka. Ikikaa mahali penye maji na mafuta, dijitali itasumbua.
3. Betri zitatoka wapi? Kama hamuwezi kuweka akiba ya betri mbili ndani ya sanduku siku zote, musinunue dijitali.

Kwa koperative nyingi zenye mashini moja ya kusaga na watu wengi wa kuitumia, sisi tunashauri dijitali ya milimita 150, pamoja na betri mbili za akiba. Pesa zikiruhusu, muongeze kalipa ya kawaida ya mistari, isiyo na saa wala betri. Kuisoma kunataka kufundishwa, lakini siku betri imeisha, yenyewe haikatai kazi.

Mbele ya kulipa, ijaribuni hapo dukani

- Fungeni mdomo wote, muinue kwenye mwangaza. Mwangaza ukipita katikati, muiache.
- Wekeni sifuri, mufungue na kufunga mara tano. Kila mara irudi kwenye sifuri.
- Ombeni muuzaji beringi mpya ya 6205. Ndani isome 25, inje 52. Ikikosea zaidi ya 0,05, tafuteni nyingine.

Beringi mpya moja iwekwe katika sanduku ndani ya karatasi yake, isitumike kwenye mashini. Huyo ni shahidi wenu. Kila mwezi pimeni shahidi: akisema kama siku ya kwanza, kalipa ni nzima.

Namna ya kupima na kutunza

Zimeni moteri kwanza, mungoje mpaka shafti isimame kabisa. Futeni mafuta na kutu. Pimeni mahali patatu, kwa sababu shafti inalika upande mmoja. Kwa kupima inje, tikisa kalipa kidogo na uchukue namba ndogo; kwa kupima tundu, uchukue namba kubwa. Shafti ya 25 ikisoma 24,90 pale beringi inapokaa, beringi mpya peke yake haitaponyesha ugonjwa: shafti nayo inataka kutengenezwa.

Kisha ya kazi, pangusa kwa kitambaa kikavu, acha nafasi ndogo kati ya midomo, rudisha ndani ya sanduku lake. Kama mashini itasimama muda mrefu, toeni betri. Na wale wanaopenda kuandika jina la koperative juu ya kila chombo kwa kalamu ya umeme: musifanye hivyo kwa dijitali, inaweza kuharibika. Andikeni kwenye sanduku.

Ya kuzungumzia katika mkutano

- Mwaka uliopita, mashini yetu ililala siku ngapi kwa kungoja kipuri? Tulipoteza franka ngapi?
- Nani atatunza kalipa, na nani atamwomba ruhusa?
- Je, tuna daftari yenye vipimo vya shafti, beringi, puli na mikanda ya mashini yetu?

Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kalipa yenu. Pimeni vyote wakati mashini inatembea vizuri, moteri ikiwa imezimwa, na muandike. Siku itakapoharibika, hamtatafuta vipimo ndani ya chuma kilichovunjika: mtafungua daftari tu na kupiga simu Bukavu.