Jumuiya ni ya Nani?

Watu wengi huitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki kama jambo la wakubwa: marais wamekutana Arusha, wametia sahihi, wamerudi makwao. Lakini mama auzaye vitunguu mpakani Namanga, kijana atafutaye kazi Nairobi au Kampala, na baba anunuaye mafuta ya kupikia dukani, wote hao waguswa na mapatano ya Jumuiya. Ukiwauliza ni nani awasemeaye katika Bunge lake, ni wachache watakaoweza kutaja jina hata moja. Yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, maana muungano wa mataifa usiojulikana na wenyewe huvunjika bila ya mtu kuulilia.

Tukumbuke yaliyopita. Jumuiya ya kwanza ilizaliwa kwa Mkataba uliotiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967. Ilikuwa na reli, bandari, posta na shirika la ndege kwa ajili ya nchi zote tatu. Juu ya hayo yote waliwekwa marais watatu, na neno la mwisho lilikuwa lao. Idi Amin alipompindua Rais Obote mwezi wa Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na baraza lile la marais likaacha kukutana. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, na mapatano ya kugawana mali na madeni yake hayakupatikana hata mwaka 1984. Nguzo zilikuwa tatu tu; ilipoteguka moja, nyumba nzima ikaanguka.

Waliotunga Mkataba mpya mwaka 1999 waliyajua hayo. Katika utangulizi wake walitaja sababu za kifo kile: nia dhaifu ya kisiasa, faida zisizogawanywa sawasawa, na raia na wafanyabiashara kutoshirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo ibara ya 6 yataja demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu kuwa misingi ya Jumuiya, na ibara ya 7 yasema kwamba ushirikiano huu utamweka mwananchi mbele. Maneno hayo ni mema. Basi na tuyapime kwa matendo, tukianza na Bunge, kisha utungaji wa sheria, kisha Mahakama.

Bunge la Afrika Mashariki lilizinduliwa mwaka 2001. Kila nchi hupeleka wabunge 9, iwe kubwa au ndogo. Lakini wabunge hao hawachaguliwi na wananchi, bali na mabunge ya nchi zao. Hata uchaguzi huo mdogo umepata kuchezewa. Mwaka 2006 majina ya wabunge wa Kenya yalipingwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na mwezi wa Machi 2007 Mahakama ikaamua kwamba uchaguzi uliotakiwa na ibara ya 50 haukufanyika. Tena mwaka 2017 muda wa Bunge uliisha mwezi wa Juni, lakini Bunge jipya halikuzinduliwa hata Desemba, kwa kuwa Kenya ilikuwa haijachagua wabunge wake. Kwa nusu mwaka Jumuiya ilikaa bila Bunge. Je, ni wananchi wangapi waliotambua pengo hilo?

Pili, utungaji wa sheria. Bunge likiisha kupitisha muswada, hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi zote waukubali. Mmoja akikataa, hurudishwa Bungeni. Akikataa mara ya pili, muswada hufa. Twajua hoja ya wanaoutetea utaratibu huu. Kila nchi ina dola yake, na nchi ndogo yahitaji kinga dhidi ya kubwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kinga ya nchi si lazima iwe hiari ya mtu mmoja. Afadhali mkuu anayekataa muswada atakiwe kutoa sababu zake mbele ya bunge la nchi yake, ili wananchi wazisikie na kuzipima.

Tatu, Mahakama. Hapa kuna la kusifu, kwani mkaazi ye yote wa nchi mwanachama aweza kuishitaki serikali huko Arusha kwa kuvunja Mkataba. Lakini Mahakama ilipolizuia lile orodha la Kenya mwezi wa Novemba 2006, wakuu wa nchi waliubadili Mkataba upesi mwezi wa Desemba, wakaongeza sababu za kumwondoa hakimu kazini na kuweka kikomo cha miezi 2 cha kufungua shauri. Baadaye Mahakama yenyewe ilisema kwamba kuubadili Mkataba bila kuwashirikisha wananchi hakupatani na misingi yake, lakini haikuyafuta mabadiliko hayo.

Tena haki inayochelewa huwa na kazi ndogo. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza wa Burundi aligombea kipindi cha tatu, damu ikamwagika na watu wengi wakakimbilia nchi jirani, Tanzania ikiwamo. Shauri lilipelekwa Arusha, likatupwa mwaka uliofuata. Kitengo cha rufani kilipowapa haki walalamikaji, ilikuwa Novemba 2021, na Rais mwenyewe alikuwa amefariki tangu Juni 2020.

Lakini kuna jambo lililo chini ya hayo yote. Bunge la Jumuiya huchota maji yake katika visima vya nchi wanachama. Kisima kikiwa na tope, mtungi hauwezi kuwa na maji safi. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016. Tangu uhuru wake mwaka 2011 uchaguzi mkuu uliahirishwa mara nyingi, na bunge lililoundwa mwaka 2021 liliteuliwa kwa mapatano ya amani. Basi wabunge waliochaguliwa na bunge hilo kwenda Arusha, ni nani aliyewatuma? Hatusemi haya ili kumnyoshea kidole jirani. Kila nchi ambamo kura haiheshimiwi, au mpinzani hana nafasi ya kusema, yapeleka upungufu huo Arusha.

Wengine husema dawa ni wananchi kuwapigia kura wabunge wa Jumuiya wao wenyewe. Bunge la Ulaya nalo lilipata wajumbe wake kutoka mabunge ya nchi, hata mwaka 1979 wananchi wa nchi 9 walipopiga kura wenyewe. Njia hiyo yawezekana, nasi twaiunga mkono. Lakini tujifunze yote: mwaka 1979 walipiga kura kama watu 62 katika kila 100, mwaka 2014 hawakufika 43, mwaka 2019 wakapita 50 kidogo. Sanduku la kura peke yake halimfanyi mtu kuwa mwenye nyumba. Yambidi pia ajue yanayotendeka ndani yake.

Na mwananchi akiulizwa, hujibu kwa busara. Mwaka 2006 na 2007 wananchi wa Kenya, Uganda na Tanzania waliulizwa kama shirikisho la kisiasa liharakishwe. Watanzania wengi waliotoa maoni walikataa haraka hiyo, wakihofia hasa ardhi yao. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakakubaliana kuanza na muungano ulio legevu zaidi. Hatuoni kwamba jibu lile liliidhuru Jumuiya. Liliizuia isijenge juu ya mchanga.

Basi tusingoje mageuzi yote yatoke juu. Mbunge wetu wa jimbo ndiye apigaye kura ya kuchagua wale 9. Ajapo kwetu, tumwulize: ulimchagua nani, na kwa sababu gani? Watu hao wamerudi lini kutueleza walilolifanya? Wazazi wawafundishe watoto majina ya nchi wanachama, na haki waliyo nayo mbele ya Mahakama ya Arusha. Kuuliza si ujinga, na kiongozi ajuaye kwamba ataulizwa hutenda kwa hadhari. Jumuiya ya kwanza ilikufa kwa sababu ilikuwa mali ya watu watatu. Hii ya pili itaishi ikiwa wengi watasema kwa haki: ni yetu.