Sungura anayejing'oa manyoya: ni hofu au ugonjwa?

Ikiwa unafuga sungura hapo Bariadi au kwingineko mkoani Simiyu, fahamu kuwa mnyama huyu ni mwoga kwa maumbile. Akipatwa na hofu hujibana pembeni, hupiga chini miguu ya nyuma, hutafuna waya za banda au hujing'oa manyoya. Lakini jike mwenye mimba akifanya hivyo karibu na kuzaa, usishituke, anatandika kiota. Mimba yake huchukua siku 31 hivi. Ngozi ikiwa na magamba, huenda ni upele.

Mambo yanayomsumbua ni haya:

1. Joto. Likizidi nyuzi 30 anaweza kufa. Weka banda kivulini.

2. Mbwa, paka na kelele. Inua banda, mwekee kisanduku cha kujificha.

3. Kushikwa vibaya. Usimnyanyue kwa masikio. Mshike kifuani, mkono mwingine ubebe makalio.

4. Uchafu. Mkojo uliolala hutoa hewa kali inayochoma macho na mapafu. Safisha kila siku, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Majani makavu na maji safi yasikosekane. Akiacha kula kwa siku moja, usingoje. Muone afisa mifugo.