Hesabu ya Kijiko cha Mafuta

Anayetaka kupunguza uzito na aanze kwa kuandika alacho, kabla hajajinyima chochote. Gramu moja ya wanga au protini huupa mwili takriban kilokalori 4. Gramu moja ya mafuta, 9. Basi kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, chenye gramu 14 hivi, kina kilokalori zipatazo 120, ilhali mtu wa kilo 70 hutumia kama 50 tu atembeapo kilomita moja. Mazoezi yasiachwe, kwani huimarisha moyo na misuli. Ila kijiko hicho husahauliwa daftarini, na miguu ndiyo hulaumiwa. Mwanafunzi ambaye bado anakua asipunguze chakula bila ushauri wa daktari. Hata hivyo aweza kupima chupa ya mafuta kwa mizani, kabla na baada ya kukaanga chapati.