Maktaba: Tusidai jengo tu, tudai na fungu la kila mwaka



Mimi ni mkazi wa Ngerengere, Morogoro Vijijini, mahali ambapo wengi wenu mnapaona dirishani tu mnapopita na treni ya umeme iliyoanza safari zake za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024. Leo nataka tujifunze pamoja jambo ambalo ninyi wa mijini mna nafasi ya kulisemea kuliko sisi. Maktaba ya umma inaishi kwa fedha gani?

Tuanze na historia kidogo. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa 1963. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, na sheria ya 1975 ikaleta Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba za mikoa, ikiwemo ya Morogoro mjini, ziko chini ya Bodi hiyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tatizo linapoanzia. Maktaba ikishaitwa ya Bodi, diwani huiona kama mgeni katika kata yake. Anagombania kalavati, anagombania zahanati, lakini habari za maktaba hakuna anayemuuliza, naye hasemi.

Nani anaumia? Kijana wa sekondari wa huku kwetu akitaka maktaba ya mkoa hana budi kutafuta nauli ya Morogoro. Nawajua waliokwenda kulala kwa shangazi zao Kihonda na Chamwino wiki nzima ili wapate kusoma kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Asiye na shangazi mjini je? Kwa hiyo mtu asiseme maktaba ya mjini ni ya watu wa mjini. Mto Ngerengere unatoka Uluguru, unaingia Bwawa la Mindu, watu wa Morogoro wanachota, kisha unatufikia sisi. Maktaba nayo ndivyo ilivyo.

Ikumbukwe kuwa jengo peke yake si maktaba. Waingereza walilijua hilo kwa gharama. Sheria yao ya 1850 iliiruhusu miji kutoza kodi ndogo kwa ajili ya maktaba, lakini fedha hiyo haikuruhusiwa kununulia vitabu! Wakangoja hadi 1855 sheria iliporekebishwa. Tajiri wa Marekani, Andrew Carnegie, alikuwa mjanja zaidi. Mji uliotaka amjengee maktaba ulitakiwa kutoa kiwanja, na kuahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Mji usioahidi haukujengewa.

Na sisi Waislamu tunao mfano wa zamani zaidi. Dar al-Ilm ya Cairo ilianzishwa 1005, na mwanahistoria al-Maqrizi ametuachia hesabu ya matumizi yake. Dinari 90 kwa mwaka zilikuwa za karatasi za mnakili, 48 za mtunza vitabu, 12 za maji, 12 za kukarabati vitabu vilivyochakaa. Hata mikeka ilikuwa na fungu lake! Fedha hizo zilitoka kwenye wakfu, yaani mali iliyowekwa ili pato lake litumike daima. Hakusubiriwa mfadhili wala sherehe ya kukata utepe. Mwenye duka Kariakoo au nyumba ya kupangisha Morogoro anaweza kulifikiria hilo hata leo.

Wapo watakaosema siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Ni kweli Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na ni jambo jema. Lakini simu ni ya baba, bando ni la kununua, na nyumba ya vyumba viwili yenye watoto sita si mahali pa kusomea fizikia saa mbili usiku. Maktaba yenye umeme, viti na intaneti ndiyo ingemfanya mtoto huyo afaidike na vitabu hivyo vya mtandaoni.

Tufanye nini basi? Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sisemi maktaba ipewe kiasi hicho. Hata nusu ya asilimia moja, ikiwa na kifungu chake kwenye kitabu cha bajeti, na ikiwa kwa makubaliano na Bodi ya vitabu, magazeti na umeme, ingebadili mengi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na baraza la madiwani huwa limeshapitisha makadirio yake miezi kadhaa kabla. Ukingoja Juni umechelewa. Mkutano wa mtaa ujao, nyoosha mkono umuulize diwani wako: katika makadirio ya mwaka huu, maktaba imetengewa shilingi ngapi, na katika hizo, za vitabu ni ngapi?