Dondoo muhimu: Kubadilisha sili ya pampu ya maji

Shafti ya pampu nyingi za umeme huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, kwa hiyo sili haisamehe uzembe.

1. Zima umeme, funga valvu, ndipo ufungue pampu.
2. Pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama kwenye mfereji, hata sili mpya itavuja.
3. Usiguse nyuso mbili za sili, wa kaboni na wa kauri, kwa vidole.
4. Paka mpira wa sili maji ya sabuni, si grisi: kuna mpira unaovimba kwa mafuta.
5. Badilisha nyuso zote mbili. Kubakiza uso wa zamani ni ubahili unaogharimu.
6. Sukuma sili mahali pake kwa mkono. Nyundo weka mbali.
7. Jaza pampu maji, toa hewa, kisha washa. Ikizunguka kavu, sili itaungua.
8. Sili zinakufa mapema? Tikisa shafti: huenda beringi zimelegea.