Minyoo ya mukeke na ndakala

Swali: Mukeke anakula nini hadi awe na minyoo, na je, inaweza kutudhuru? (Mama muuza samaki, Kimanga, Uvira)

Jibu: Mama, mukeke huwinda samaki wadogo waitwao ndakala, na uduvi. Ndakala naye hula vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini, na baadhi yavyo hubeba mabuu ya minyoo. Anayemla mwenzake humla pamoja na minyoo yake, ndiyo maana samaki mwindaji huwa nayo tumboni.

Ipo mingine isiyopitia chakula. Funua shavu la ndakala: kwenye yale matamvua mekundu huishi mnyoo aitwaye Kapentagyrus, asiyeonekana vizuri bila hadubini, amejishikiza kwa kulabu zake. Spishi moja, Kapentagyrus tanganicanus, ilielezwa na wanasayansi mwaka 2018. Mabuu yake huogelea yenyewe kumtafuta samaki mwingine. Huyo hana habari na binadamu.

Minyoo ya tumboni ndiyo ya kuangaliwa. Toa matumbo mapema, mabuu yasije yakahamia kwenye nyama, kisha pika hadi nyama iachane na mfupa. Ndimu na pilipili haziui minyoo. Hata ndakala walioanikwa juani lazima wapikwe. Mukeke aliyeiva vizuri, wape watoto bila hofu.