Kuitazama Nyumba Kuukuu Kabla ya Kuinunua

Kinole ni kijiji kilichoko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, nacho chajulikana tangu zamani kwa kuwa ndipo kilipo kiti cha Kingalu, mkuu wa Waluguru. Mvua ya huko ni nyingi, na kwa sababu hiyo mashamba yake hustawi ndizi, mananasi, pilipili manga, karafuu na mdalasini. Watu huyashusha mazao hayo mpaka mjini Morogoro, na mengine hufika Dar es Salaam. Basi mkulima akiisha kuweka akiba ya mavuno ya miaka mingi, mara nyingi hufikiri kununua nyumba mjini, ili watoto wake wapate pa kukaa wasomapo shule ya sekondari, na vyumba vilivyosalia wapangishwe watu wengine.

Nyumba mpya ya saruji ni ghali. Walakini katika mitaa ya zamani ya Morogoro, kama vile Mwembesongo na Mji Mpya, ambamo wakazi wengi ni watu wa kipato kidogo, ziko nyumba kuukuu zenye nafasi kubwa, na pengine bei yake ni rahisi kuliko ya nyumba ndogo iliyo mpya. Mtu aonapo vyumba sita kwa bei ya viwili, moyo wake huruka. Katika somo hili twataka kujua kwa nini bei hiyo ni rahisi. Hapana budi iko sababu, au sababu nyingi. Na baadhi yake hutengenezeka kwa fundi na fedha, nyingine hazitengenezeki hata ukiwa na fedha nyingi. Kazi ya mkaguzi ni kuzitenga hizi na zile.

Kwanza tuifahamu nyumba yenyewe. Huitwa nyumba ya Kiswahili, na mfano wake ulitoka pwani ukaenea bara kwa njia za misafara, kisha kwa njia ya reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na mji ukakua kando yake. Mbele ya nyumba pana baraza, ambapo wanaume huzungumza jioni. Mlango wa mbele huingia katika ukumbi mrefu, upitao katikati ya nyumba mpaka mlango wa nyuma. Kuume mna vyumba vitatu, na kushoto vitatu. Nyuma pana ua, na uani mna jiko, bafu, choo na stoo. Mpango huu una akili. Milango miwili ikifunguliwa, upepo hupita nyumba nzima. Tena kila chumba kina mlango na kufuli yake, hata mjane akaaye katika chumba kimoja aweza kupangisha vitano akapata riziki. Nyumba za namna hii ndizo zilizojaa zamani Kariakoo ya Dar es Salaam, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hata 1918. Nyingi zimebomolewa, na mahali pake pamesimamishwa maghorofa. Lakini mtu asidhani kuwa kilicho kipya ni imara siku zote: mwezi wa Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka hapo hapo Kariakoo, likaua watu wengi.

Sasa tuwafikirie watu wawili wa Kinole, mjomba na mpwa wake. Mjomba ni fundi mwashi, na mpwa ndiye mwenye fedha. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mshauri wa mambo makubwa; kwa hiyo si ajabu mpwa kumwomba mjomba washuke pamoja. Ilikuwa mwezi wa Februari, kabla ya masika. Dalali aliwapeleka mpaka mlangoni, huku akisema kwamba nyumba ile ni ya mawe, na kwamba watu watatu wengine waitaka.

Mjomba hakuingia. Alisimama njiani, akaitazama barabara, kisha mfereji, kisha kizingiti cha mlango.

"Mjomba, mbona huingii?" akauliza mpwa. "Wenyeji wametungoja tangu asubuhi."

"Watuwie radhi, mwanangu. Nyumba huanza kutazamwa kwa maji. Hebu niambie, kipi kiko juu, barabara au sakafu?"

Mpwa akatazama, akaona barabara iko juu. Na hii ndiyo hali ya nyumba nyingi kuukuu. Ilipojengwa, sakafu ilikuwa juu ya njia. Lakini kila barabara inapotengenezwa huongezwa kifusi na changarawe, na baada ya miaka hamsini nyumba hujikuta imekaa shimoni. Hapo mvua ikinyesha, maji hutafuta mlango. Kasoro hii yaweza kupunguzwa kwa kuinua kizingiti na kuchimba mfereji, ikiwa mfereji una mahali pa kutokea.

Mto ni jambo jingine. Mtoto wa Kinole ajua kwamba mvua ya mlimani na mvua ya bondeni si moja. Mto Morogoro hushuka kutoka Uluguru, ukapita mjini na kuingia Ngerengere. Nao waweza kujaa ghafula hali mji wenyewe ni mkavu, kwa kuwa mvua imenyesha juu. Basi atazamaye nyumba karibu na mto atafute alama ya tope ukutani, na akiona rangi mpya imepakwa sehemu ya chini tu, aulize kwa nini. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba iliyo ndani ya mpaka huo haitengenezwi na fundi yeyote.

Wakaingia ndani. Mjomba akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hapa na pale. Mahali pengine ulilia kama jiwe; pengine ulilia kama mtungi mtupu. "Hii si nyumba ya mawe," akasema. "Ni nguzo na fito, ikakandikwa kwa udongo, na lipu ya saruji ikaja baadaye." Dalali akanyamaza. Wala hakuna aibu katika udongo. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966. Kabla yake saruji ya watu wetu ilitoka mbali na kwa bei kubwa, na nyumba nyingi za wakati ule zilijengwa kwa vitu vilivyokuwa karibu. Ukuta wa udongo uliowekwa mkavu hudumu sana. Ila lipu ya saruji haishikamani vema na udongo. Huachana nao, na maji yaingiayo katikati hayana pa kutokea. Tena ndani ya ukuta zimo nguzo za miti, na mchwa hupenda giza. Mjomba alitoa kisu kidogo, akakibonyeza katika miimo ya milango, chini kabisa karibu na sakafu. Katika milango minne kisu kilikataa; katika miwili kiliingia kama katika muhogo uliopikwa.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele, uliotambaa katika lipu tu, si kitu. Lakini ufa uanziao pembe ya dirisha ukashuka mshazari, na ambao sarafu yaweza kuingia ndani yake, waonyesha kwamba msingi umetitia upande mmoja. Hata hapo liko swali: je, msingi unatitia bado, au ulititia zamani ukatulia? Macho hayawezi kujibu. Kwa ruhusa ya mwenyeji, mjomba alibandika kipande cha karatasi kuukatiza ufa, akakigandisha vizuri pande zote mbili, akaandika tarehe. Karatasi ikipasuka baada ya mvua, ukuta ungali ukienda. Kisha akatundika timazi, akaona kwamba ukuta ule umeinama kidogo kuelekea uani.

Paa hutazamwa mchana wa jua. Mlifunge dirisha na mlango, mkae gizani, mtazame juu. Kila tundu litaonekana kama nyota. Hapa nyota zilikuwa nyingi, na kenchi moja imelegea katikati. Mpwa akauliza ni mabati mangapi yatakayotosha. Nyumba ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Paa lina pande mbili. Kila upande, ukihesabu mteremko na sehemu inayotokeza nje ya kuta, una mita 13 kwa mita 6, yaani mita za mraba 78. Pande zote mbili ni 156. Bati moja la mita 3, likiisha kulaliana na mwenzake, hufunika karibu mita za mraba 2. Basi yatakiwa mabati 78, mbali na mbao, misumari na ujira wa mafundi. Hesabu hiyo iongezwe juu ya bei aliyotaja dalali, ndipo ijulikane kama nyumba ni rahisi kweli.

Uani walikaa muda mfupi. Waliuliza choo cha sasa kilichimbwa mwaka gani, na vya zamani vilifukiwa wapi, maana ua wa nyumba kuukuu huwa na mashimo mengi yaliyosahauliwa, nayo hayafai kujengewa juu. Waliuliza kama pana deni la maji au la umeme. Kisha mjomba akamwomba dalali akawatafutie maji ya kunywa, na alipokwisha kwenda akawageukia wapangaji waliokuwa wakipika. "Mama zangu, shikamooni. Mvua kubwa ya mwisho mlilala wapi?" Wakacheka, wakasema walilala vitandani mwao, lakini ndoo tatu zililala ukumbini. Akawauliza pia kodi wanayolipa, kwa kuwa kodi ilipwayo kweli ndiyo thamani ya chumba, wala si ile itajwayo na muuzaji.

Wako watu waidharauo nyumba kwa jina la mtaa wake. Mimi naona wanakosea. Mtaa wa watu wa kipato kidogo mara nyingi una soko karibu, shule karibu, na majirani wanaojuana kwa majina; mgeni akisimama mlangoni usiku, mabaraza manne humwuliza habari. Afadhali mtu aende tena jioni, na tena siku ya mvua, auone mtaa kwa macho yake.

Yaliyosalia ndiyo makubwa. Muuzaji alikuwa kijana, akasema, "Nyumba hii aliijenga baba, naye amefariki. Mimi ni mwana wa kwanza."

"Pole sana, mwanangu," mjomba akajibu. "Na mama yenu, yu hai?"

Kijana akaonyesha uani. Mama mzee alikuwa ameketi karibu na jiko akichambua mchicha, wala hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inauzwa siku ile.

Mtu wa Kinole aelewa upesi jambo hili, kwa kuwa mlimani ardhi ni ya ukoo, na mmoja hawezi kusimama peke yake akaitoa. Mjini karatasi huweza kuwaficha watu. Nyumba ya vyumba sita yaweza kuwa na warithi tisa, wengine wakiwa Kilosa na Tanga, na mmoja wao akaja baadaye na shauri mahakamani. Kwa sheria, mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yazuia nyumba ya ndoa kuuzwa na mume au mke bila idhini ya mwenzake. Kwa hiyo hata kama muuzaji ni baba mwenyewe akiwa hai, mke aulizwe. Kisha yaulizwa ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu huwa na haki ya kuitumia: kwa hati, ambayo yaweza kufika miaka 99, au kwa leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi, usiozidi miaka mitano. Maneno ya mdomo, hata ya mzee mwenye heshima, si hati. Hati au leseni yenyewe ikaulizwe ofisi ya ardhi, na mpaka wa kiwanja utazamwe pamoja na majirani na mwenyekiti wa mtaa.

Kijana hakuwa na barua ya mahakama. Alikuwa na leseni ya makazi yenye jina la baba yake, nayo muda wake umekwisha. Dalali akarudi na maji, akashauri mpwa atoe arubuni tu, ili wengine wasimtangulie.

Mpwa akamtazama mjomba. Mjomba hakusema neno. Fedha hazikuwa zake. Mpwa akaenda uani, akachuchumaa mbele ya yule mama, akamwamkia, akamweleza ametoka wapi na amekuja kwa ajili gani. Kisha akamwambia kijana, "Ndugu yangu, nyumba nimeipenda. Mpate msimamizi, nanyi warithi mkae pamoja na mama. Mimi nitarudi masika yakiisha."

Wakaondoka na fedha yao, na karatasi ikabaki ukutani juu ya ufa, na tarehe yake.